Kikishafika, Atatuambia Nani?

Ilikuwa Juni, saa tatu na nusu usiku, nyumbani kwa dada yangu Tanga. Umeme ulikatika tangu magharibi. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, mbingu nyeupe kwa nyota, na watoto walikuwa wametandika mkeka uani. Mpwa wangu wa miaka 11 alikuwa amelala chali, kichwa chake kwenye goti langu.

Nikanyoosha kidole upande wa kusini, juu ya bati la jirani. Nikamwonyesha Msalaba wa Kusini, halafu zile nyota mbili kali zilizo kushoto kwake. Ile ya mbali zaidi na Msalaba ndiyo Rijili Kantori, ambayo kwenye vitabu vya Kizungu huitwa Alpha Centauri. Nikamwambia kwamba jirani yake kuna nyota ndogo nyekundu iitwayo Proxima, hafifu mno kwa jicho tupu, na kwamba hiyo ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. Mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza kuwa inazungukwa na sayari yenye uzito usiopungua ule wa Dunia yetu. Mwaka wa huko ni siku 11 na kidogo.

"Huko mimi ningekuwa na miaka mingapi?"

Tukapiga hesabu kwa vidole na simu. Miaka 358. Akacheka sana.

Nikaendelea. Nikamweleza kuwa wapo watu waliokaa chini na kuchora mpango wa kupeleka chombo huko, chombo chepesi kuliko shilingi ya sarafu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mjomba, kikishafika, atatuambia nani?"

Nikamjibu harakaharaka kwamba kitatuma picha. Akauliza kitazituma kwa kitu gani. Hapo umeme ukarudi, watoto wakashangilia, wakakimbilia ndani. Nikabaki mkekani peke yangu.

Ni wiki ya sita sasa, na swali bado ninalo.

Siku moja ya nuru

Habari za safari ya nyota kwa kawaida huanza na kasi, nami nilianzia huko. Nilidhani nikiimaliza hesabu ya kasi nitakuwa nimemaliza kazi.

Voyager 1, chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, iliondoka Septemba 1977. Inakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Tanga hadi Dar es Salaam kabla hujamaliza kusema "bismillahi" mara kumi. Pamoja na mwendo wote huo, chombo hicho kinahitaji miaka 49 kuumaliza umbali ambao nuru huumaliza kwa siku moja.

Proxima iko umbali wa siku 1,550 hivi za namna hiyo.

Zidisha mwenyewe. Inakuja zaidi ya miaka 75,000. Chombo chetu chenye kasi kuliko vyote, Parker Solar Probe, kilifikia kilomita 192 kwa sekunde Desemba 2024 kilipokuwa kinalipita Jua kwa karibu sana, na kasi hiyo kilikopeshwa na mvutano wa Jua lenyewe. Hata kama kingeweza kuondoka nayo bila kupunguza hata kidogo, safari ingechukua miaka 6,600. Roketi za mafuta hazitufikishi. Ukiongeza mafuta umeongeza mzigo, na mzigo nao unadai mafuta ya kuubeba. Sina la kuongeza hapo.

Kabla sijaiacha Voyager, nina neno moja ambalo halihusu kasi. Ubavuni mwake imebeba santuri iliyopakwa dhahabu, yenye salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kila nikiikumbuka ile orodha moyo unaniuma. Chombo cha kwanza kutoka nje ya himaya ya Jua kimetoka bila hata "hujambo" yetu.

Tanga lisilotuliwa

Mpango niliomsimulia mpwa wangu unaitwa Breakthrough Starshot. Ulitangazwa New York tarehe 12 Aprili 2016, na bilionea Yuri Milner akiwa na mwanafizikia Stephen Hawking. Dola milioni 100 ziliahidiwa kwa ajili ya utafiti peke yake, kabla ya kujenga chochote.

Mtu wa pwani anauelewa mpango huu upesi kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni jahazi. Badala ya kubeba mafuta, chombo kinatweka tanga, na upepo unatoka nyuma. Tofauti ni kwamba upepo wenyewe ni nuru. Nuru ikigonga kioo hukisukuma, kidogo mno, lakini husukuma. Wajapani walilithibitisha hilo mwaka 2010 kwa chombo chao IKAROS, kilichofungua tanga la mita 14 kwa 14 na kusukumwa na mwanga wa Jua. Starshot ilitaka kuacha Jua na kutumia leza za hapa duniani, nyingi, zikiunganishwa kuwa mwali mmoja wa gigawati 100, zikilenga tanga la mita nne hivi, jembamba kuliko utando wa buibui, lenye chipu ya kompyuta katikati. Kasi iliyokusudiwa ni moja ya tano ya kasi ya nuru, kilomita 60,000 kwa sekunde. Safari ingekuwa miaka 21 na kidogo.

Niliposoma hivyo nilichukua kalamu. Gigawati 100 ni nini? Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo yake yote tisa ikizunguka, linatoa megawati 2,115. Kwa hiyo unahitaji mabwawa 47 kama lile, yote kwa pamoja, yote yakielekezwa kwenye kitambaa kimoja.

Na msukumo wake?

Hapa nilirudia hesabu mara tatu, kwa sababu sikuamini. Nuru hiyo yote ikigonga tanga na kurudi, inasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 68. Mfuko mmoja wa saruji na theluthi. Mabwawa 47 ya Rufiji yanakupa nguvu ya mtu mzima mmoja aliyeegemea mlango.

Ndiyo maana chombo lazima kiwe cha gramu. Nguvu ile ile ambayo isingelisogeza gari lililozimika mlimani, ikiwekwa kwenye gramu mbili, inazirusha hadi kilomita 60,000 kwa sekunde ndani ya dakika chache. Kila gramu inaondoka ikiwa imebeba nishati ambayo bwawa lile lingehitaji robo saa hivi kuizalisha. Usiku huo niliamini. Nilizunguka chumbani nikiamini. Hakuna sheria ya fizikia iliyovunjwa. Kuna uhunzi mgumu tu, na uhunzi hujifunzwa.

Asubuhi yake nikakumbuka nanga.

Jahazi linapokaribia bandari nahodha huamuru tanga lituliwe, watu wakaishika kamba, foromali ikashuka, mwendo ukafa, ndipo nanga inatupwa. Tanga la leza halina wa kulitua. Leza ziko nyuma, kilomita trilioni 40 nyuma, na huko mbele hakuna mtu wa kuwasha nyingine za kulizuia. Wapo waliopendekeza kwamba nuru ya nyota zenyewe itumike kupunguza mwendo, lakini hilo linadai tanga kubwa zaidi na safari ndefu zaidi. Katika mpango wa awali chombo kinapita tu.

Sayari ile iko kilomita milioni 7.3 hivi kutoka kwa nyota yake. Kwa kasi ya kilomita 60,000 kwa sekunde, chombo kinaukata mzunguko wote wa sayari, upande hadi upande, kwa dakika nne na sekunde chache.

Miaka 21 barabarani, na dakika nne za kutazama. Kisha giza tena, milele.

Waya juu ya mwembe

Marehemu baba alikuwa fundi redio. Jioni alipenda kutafuta stesheni za masafa mafupi, na kazi yangu ilikuwa eriali. Waya ulitoka dirishani ukapanda mwembe, nami nilipanda nao. Yeye ndani anageuza kitufe taratibu, mimi juu nahamisha waya tawi hadi tawi. Sauti inakoroma, inapotea, inarudi kwa mbali kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Halafu ghafla inasikika safi, naye anapiga kelele: "Hapohapo! Usisogee!"

Nikashikilia hapohapo, mchwa wakinipanda miguuni, mpaka taarifa ya habari iishe.

Katika yote niliyojifunza pale mtini, lililonikaa ni kwamba kusema ni rahisi kuliko kusikia. Aliyeko London ana mtambo wa kilowati mia kadhaa na mlingoti mrefu. Mzigo unakuja kwako wewe mwenye waya.

Sasa geuza. Safari hii anayesema ndiye mwenye waya, na waya wenyewe ni mwepesi kuliko karatasi. Tuseme chipu ile, baada ya miaka 21 ya baridi na kugongwa na vumbi, bado ina nguvu ya wati moja ya leza. Ni ukarimu mkubwa kuipa wati moja. Huko katikati hakuna jua la kuchaji kitu. Tuseme inaelekeza mwali wake kwetu bila kukosea. Nuru hata ya leza hutanuka njiani. Ikitoka kwenye kitundu cha sentimita moja, kwa makadirio yangu mwali utakapofika huku utakuwa umetanuka kilomita bilioni 4. Wati yako moja imemwagwa juu ya uwanja huo wote.

Nilihesabu kinachoangukia mita moja ya mraba, kiasi cha meza ndogo uliyoiweka nje ikapokee. Inapata chembe moja ya nuru kwa mwezi.

Chembe moja, siyo picha.

Nilikaa na namba hiyo siku nyingi. Ukipata njia ya kulifanya tanga lenyewe la mita nne liwe kioo cha kurushia mwali, mambo yanabadilika sana: meza yako inapata chembe moja kila sekunde kumi na sita hivi. Lakini tanga hilo limetoka kupigwa na mabwawa 47, limetobolewa na vumbi kwa miongo miwili, na sasa unalitaka liwe limenyooka kama kioo cha darubini. Na nyuma ya chombo, kutoka kwetu ukiangalia, nyota yenyewe inawaka upande uleule. Ni kama kumsikiliza mtoto ananong'ona akiwa amesimama mbele ya spika za harusi.

Wahandisi wanajua haya kuliko mimi. Wanazungumzia vipokezi vya ukubwa wa kilomita, rangi moja tu ya nuru ichujwe, data itumwe kidogokidogo kwa miaka. Inawezekana. Lakini tangu hapo nimebadili mawazo kuhusu ugumu uko wapi. Nilidhani uko kwenye kurusha. Uko kwenye swali la mtoto.

Chipu moja

Novemba 2023 Voyager 1 ilianza kutuma vitu visivyosomeka. Mawimbi yalikuja, wimbi la kubebea data lilikuwepo, ila ndani yake hamkuwa na maneno.

Wakati huo ilikuwa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Siku hizo ukituma amri saa nne asubuhi, ilifika kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi, na jibu lilikuja keshokutwa. Mtambo wake wa kurushia una wati 20 hivi, kama balbu ya ndani ya friji, na huku unapokelewa na madishi yenye upana wa hadi mita 70. Wahandisi wa NASA kule California walichimba michoro ya miaka ya 1970, wakagundua kuwa chipu moja ya kumbukumbu katika kompyuta ya data ilikuwa imekufa. Hawakuweza kuibadilisha. Wakaikata ile programu vipandevipande na kuvihamishia kwenye nafasi ndogondogo zilizobaki kwingine, kisha wakarekebisha kila mahali palipovitaja. Aprili 18, 2024 wakatuma amri. Aprili 20 chombo kikaanza kusema tena kwa ufasaha.

Mimi ni mtu wa mafundi. Niliposoma habari ile machozi yalinilengalenga.

Lakini ona kilichowaokoa. Kulikuwa na siku mbili tu kati ya swali na jibu, na kulikuwa na watu huku ambao bado walikuwa wanasikiliza baada ya miaka 46. Chombo kilichoko Proxima kikiharibika, swali na jibu ni miaka minane na nusu. Chenyewe kinaipita sayari kwa dakika nne. Hakuna fundi wa kukisaidia. Lazima kijitafutie sayari, kijigeuze, kipige picha, kichague ipi ya kutuma kwanza, chenyewe, kwa gramu zake mbili.

Na huku nyumbani lazima kuwe na watu. Kikirushwa leo, mpwa wangu atakuwa na miaka 36 habari ya kwanza ikifika. Kipokezi lazima kiwe kimejengwa, kiwe na umeme, kiwe na wa kukiangalia. Kizazi kimoja hurusha, kingine hulipia umeme wa kusikiliza. Mradi wenyewe wa Starshot umepoa kabla hata ya leza ya kwanza kujengwa, na haikuchukua miaka kumi. Siwalaumu. Ila swali la nani atakayeambiwa haliko angani peke yake.

Kuna pia hoja ya kungoja. Mwaka 2006 mtafiti Andrew Kennedy aliandika kwamba kila safari ya namna hii ina wakati wake bora wa kuondoka: ukiwahi mno, chombo cha wajukuu zako kitakupita njiani. Majahazi yalijua hilo. Hutoki na kaskazi kama unaelekea Arabuni. Lakini kaskazi na kusi zina miezi yake inayojulikana. Maendeleo hayana kalenda. Ukingoja tu bila kushona tanga, upepo ukija utakukuta ufukweni.

Kwenda mbali, mgongo ukiwa umeigeukia nyota

Wiki ya nne nikakutana na wazo ambalo limenishika kuliko Starshot.

Jua letu, kwa uzito wake, hupinda nuru inayopita ukingoni mwake. Nuru hiyo iliyopindwa hukutana nyuma ya Jua, kama miali inayokutana nyuma ya kioo cha kukuzia. Mahali inapoanza kukutana ni mara 550 ya umbali wa Dunia na Jua. Ukipeleka darubini huko, jicho likiwa limelielekea Jua, sayari ya mbali iliyo nyuma yake inakuzwa kiasi ambacho hakuna kioo tutakachowahi kukijenga. Slava Turyshev na wenzake wa Jet Propulsion Laboratory, maabara ya NASA, wamelifanyia kazi wazo hili kwa miaka. Wanazungumzia picha zenye kuonyesha mabara na mawingu.

Ukitaka kuitazama Proxima kwa njia hiyo huelekei kusini. Unakwenda kinyume chake kabisa, kaskazini, upande wa kundi la Kasiopeia. Unaikimbia nyota ili uione.

Si karibu. Voyager 1, kwa karibu nusu karne, haijafika hata theluthi ya umbali huo. Lakini ni karibu mara 490 kuliko Proxima. Swali na jibu ni siku sita na ushee, na fundi anaweza kuzisubiri. Chombo kinaweza kuwa cha kilo badala ya gramu, na antena ya maana. Na hakipiti kwa dakika nne. Kinaendelea kutazama miaka na miaka.

Kipo kikwazo, nacho ndicho kilichonipendeza. Picha haianguki yote ndani ya darubini. Sayari kama Dunia iliyoko miaka 100 ya nuru kutoka hapa, taswira yake pale nyuma ya Jua ingekuwa na upana wa kilomita moja na theluthi hivi. Chombo kingekuwa ndani ya picha. Kingelazimika kutembea humo, huku na huku, kikiokota nuru nukta kwa nukta, na huku nyumbani watu waziunganishe.

Ningeanza na hii. Nasema hivyo kama msomaji na mtoto wa fundi, siyo mtaalamu. Matanga ya leza yaendelee kujaribiwa, nayatakia heri, na naamini siku moja mojawapo litapita kando ya Proxima. Ila kwanza nataka picha ambayo atakuwepo mtu wa kuipokea.

Jumamosi

Nilirudi Tanga wiki iliyopita. Nikamwambia mpwa wangu kuwa jibu langu la siku ile halikutosha, nikamweleza habari ya chembe moja kwa mwezi, na habari ya picha ya kutembelewa. Ya chembe aliisikiliza kwa adabu. Ya picha ilimwinua.

"Kilomita moja na theluthi ni kutoka hapa mpaka wapi?"

Sikuwa na uhakika, basi tukatoka. Jua lilikuwa limeanza kupoa. Akawa anahesabu hatua kwa sauti, tukalipita duka la mkaa, tukaupita msikiti, tukapishana na bodaboda tatu. Hatua ya 2,100 na ushee ilituacha kwenye kona, karibu na mama anayeuza mihogo ya kukaanga, mafuta yakichemka kwenye karai.

Akageuka kutazama tulikotoka.

"Hii yote ni sayari moja?"

"Hiyo ni upana wake tu."

Akaangalia kulia, barabara ya vumbi inayoshuka baharini.

"Na upande huu je?"

"Na huo pia."

Nikanunua mihogo ya shilingi elfu moja, tukagawana, tukakata kona. Akaanza kuhesabu upya kutoka moja.